Barua kwa mwanangu: yule mfalme uliyeniuliza

Mwanangu,

Salaam nyingi. Bibi yako mpe shikamoo yangu, mwambie dawa ya kuchua miguu nimeipata, itakuja pamoja na viatu vyako. Mimi mzima, nashukuru Mungu. Baridi bado.

Swali lako nimekaa nalo wiki tatu. Nilipokutumia ile video ya fataki za tarehe 4 Julai, siku ambayo huku Marekani wanakumbuka kujitangazia uhuru kutoka kwa mfalme wa Uingereza, nilidhani utauliza zinauzwaje. Wewe ukauliza, "Kwani baba, Wazungu nao walitawaliwa? Na Wazungu wenzao?" Halafu ukashusha sauti, ile ya kwako ya kusema jambo bila kulisema: "Kosa la huyo mfalme lilikuwa kukaa mbali tu?" Nilibonyeza nikujibu kwa sauti, nikafuta. Nikatafuta karatasi.

Nikitoka kazini usiku napita kwenye jengo la matofali mekundu katikati ya Boston, la mwaka 1713. Maghorofa yamelibana kila upande, na kituo cha treni kiko chini yake, ndiyo maana nalijua. Zamani gavana wa mfalme alikuwa akifanyia kazi humo. Juu ya paa wamesimama simba na farasi mwenye pembe moja, alama za ufalme wa Uingereza. Mara ya kwanza nilishangaa: watu wamemfukuza mfalme, simba wake wanamtunza wa nini? Kumbe wale wa mwanzo waliteremshwa na kuchomwa moto Julai 1776, siku Azimio la Uhuru liliposomwa kwenye roshani ya jengo hilohilo. Hawa wa sasa ni nakala.

Ninachotaka ukijue kwanza ni kwamba walowezi wa huku Marekani walimpenda mfalme. Walikuwa raia wake, wengi wao Waingereza kwa asili, na mwaka 1763 Uingereza ilipomshinda Mfaransa walishangilia naye. Lakini vita ile iliacha deni lililokaribia mara mbili ya lile la awali. Wakubwa wa London wakasema: vita imewalinda na nyinyi, basi changieni. Si neno baya, ukilitazama. Tena mlowezi alikuwa akilipa kodi ndogo kuliko Mwingereza wa kwao. Nikifika hapo huwa namwonea huruma kidogo waziri wao wa fedha.

Ila makoloni yao 13 yalikuwa na mabaraza yao ya kuchaguliwa, la Virginia tangu 1619. Kodi ilipangwa na watu unaowajua, unaokutana nao sokoni na kanisani. Mwaka 1765 Bunge la London likaleta kodi ya stempu: hati ya shamba, gazeti, leseni, hata karata za kuchezea, kila karatasi iwe na muhuri uliolipiwa. Na ndani ya Bunge hilo hapakuwa na mbunge hata mmoja waliyemchagua wao. Walisusia bidhaa, wakawatisha mawakala wa stempu mpaka wakaacha kazi, na mwaka uliofuata kodi ikafutwa. Lakini Bunge likapitisha palepale sheria nyingine, kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Ni mtu kukurudishia shilingi yako huku akikwambia mfuko ni wake.

Habari ya chai ndiyo watu huielewa upande. Sheria ya 1773 haikupandisha bei ya chai, iliishusha! Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikuwa na shehena imelala maghalani London, ikaruhusiwa kuipeleka Marekani moja kwa moja. Ilibaki kodi ya peni tatu kwa ratili, basi. Msomee bibi yako hapo uone atakavyocheka: watu wamwage chai kwa sababu imeshuka bei? Lakini wao waliona chambo. Mwonja asali haonji mara moja. Wakiinywa ile ya peni tatu, watakuwa wamekubali kwamba London ina haki ya kuwatoza. Na fedha za kodi hiyo zilikuwa za kuwalipa magavana na majaji mishahara. Zamani mshahara wa gavana ulitoka kwenye baraza lao, na anayekula kwako hukusikiliza. Sitakuficha kwamba wapo wafanyabiashara waliokuwa na yao pia, waliouza chai ya magendo kutoka kwa Waholanzi, na chai rahisi ingewaua. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 masanduku 342 yalipasuliwa na kumwagwa baharini hapa Boston.

Adhabu ikaja juu ya mji mzima. Bandari ikafungwa Juni 1774 mpaka chai ilipwe. Baraza la juu la Massachusetts, koloni lenye mji huu wa Boston, likawa la kuteuliwa na mfalme. Mikutano ya mji, ambayo kwao ilikuwa kama hewa, ikaruhusiwa mara moja tu kwa mwaka, zaidi ya hapo uombe ruhusa kwa gavana.

Bado waliamini mfalme anadanganywa na mawaziri wake. Barua ilikaa baharini mwezi na zaidi, na jibu vilevile, kwa hiyo ilikuwa rahisi kusema, "Hajui, akijua atatuonea huruma." Julai 1775, damu ikiwa imeshamwagika mwezi wa nne kule Lexington, walikopigana kwanza na askari wa mfalme, waliandika ombi la mwisho, la unyenyekevu, maneno ya mtoto kwa baba. Lilifika London Agosti. Mfalme George wa Tatu alikataa kulipokea. Si kwamba alilisoma akalikataa. Hakulipokea kabisa. Tarehe 23 mwezi huohuo akatangaza kwamba makoloni yameasi.

Ukilipata Azimio lao lisome lile orodha la mashtaka. Karibu kila shtaka linaanza na yeye: amekataa hivi, amezuia vile. Miaka kumi waligombana na Bunge. Siku ya kuondoka walimtaja baba.

Kwa hiyo umbali peke yake siuhukumu. Mwaka 1763 mfalme huyohuyo alikataza walowezi kuvuka milima ya Appalachian kwenda kuchukua ardhi ya wenyeji, na hilo nalo liliwachoma sana. Thomas Jefferson, aliyeandika kwenye Azimio hilo kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki mamia ya watumwa katika maisha yake. Na Novemba 1775 gavana wa mfalme huko Virginia aliwatangazia uhuru watumwa wa waasi watakaokuja kupigana upande wake. Mamia walitoroka wakamfuata. Kwa mtu mweusi wa siku hizo, bwana wa karibu alikuwa mbaya kuliko mfalme wa ng'ambo.

Sasa lile lako.

Mwezi wa sita nilipiga simu nikasema mwakani unakwenda bweni. Ukajibu "sawa baba," nikaridhika, nikakata. Juzi mama yako kanikumbusha kwamba ulikuwa umeniandikia ujumbe mrefu kwa simu yake, wa sababu zako zote, na mimi nikajibu neno moja: "Tutaongea." Nimeutafuta nikaukuta. Sikuwa nimeufungua wote, mwanangu. Niliona mistari ya juu tu, nikiwa kwenye treni.

Nimeusoma sasa. La bibi kubaki peke yake usiku mama yako akiwa zamu, sikulifikiria. La mwalimu wako wa hesabu pia sikulijua.

Ada ya bweni sijailipa. Niandikie tena, wewe mwenyewe, usimwachie mama yako akusemee, na yale ya kuniudhi usiyaruke. Mimi nina yangu ya kusema kuhusu matokeo yako ya muhula uliopita, tutayaweka yote mezani.

Viatu nimenunua namba 41, kwa kukisia. Kama mguu umeshapita hapo nijulishe kabla ya Ijumaa, niwahi kuvibadilisha.

Baba yako