Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nani Ameshika Kijiko

Ndugu wanachama,

Taarifa ya fedha mtaisikia kwa mweka hazina, na ya miradi imo kwenye makabrasha yenu. Mimi nimeomba muda kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: mtu anapomsaidia mwenzake, nani anaamua?

Lilianza na picha. Jalada la taarifa yetu iliyopita lilikuwa na mama aliyeinamisha uso viganjani, pembeni pana rundo la mablanketi. Picha hiyo niliichagua mimi. Mwenyewe alipoiona aliniuliza, kwa upole, kwa nini katika zote za siku ile nimeipenda hiyo. Asubuhi ile alikuwa amepanga foleni nzima, amewatanguliza wajawazito na wazee, ameamua ugomvi wa ndoo, ndipo akakaa kupumzika. Sisi tukampiga picha amekaa. Kanuni za Maadili za mwaka 1994 za Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali, ambazo nasi tunazifuata, zinasema katika kipengele cha kumi kwamba waliokumbwa na maafa waonyeshwe kama binadamu wenye utu, si kama vitu visivyo na tumaini. Kipengele hicho nimekifundisha miaka mingi. Nimemwomba radhi, na picha tumeiondoa.

Tangu hapo tumekuwa tukiyapima maneno yetu. Kwenye fomu tunamwita mtu "mlengwa", kama shabaha, ambayo haina kazi ila kutulia ili tusiikose. Au tunaiandika nyumba yake "kaya dhaifu", kana kwamba udhaifu ni sehemu ya mwili kama kimo. Lakini anayetumia kiti cha magurudumu hakuwekwa hatarini na kiti. Amewekwa na ngazi za ofisi alikoitwa kujiandikisha. Mjane naye aliyefukuzwa nyumbani hakuzaliwa dhaifu: hati ilikuwa na jina moja tu, la marehemu. Ukiuliza nani dhaifu, utapata orodha ya majina. Ukiuliza nini kimemweka hatarini na nani anaweza kukiondoa, utapata kazi ya kufanya, na mara nyingine utalikuta jina lako kwenye jibu.

Kwa walezi wa nyumbani somo lilikuja kwa kijiko. Kwenye mafunzo tuliketi wawili wawili, tukalishana. Anayelishwa haruhusiwi kusema wala kuinua mkono. Mwenzangu ni mlezi mzuri, ana mikono laini. Hata hivyo kijiko cha pili kilinifikia sijameza cha kwanza, kikagonga meno. Kisha akanipangusa mdomo bila kuniuliza, na nikahisi hasira ambayo sikuitegemea. Hakunikosea, alikuwa anawahi. Nilimkumbuka marehemu mume wangu, niliyemuuguza kiharusi, na jinsi alivyokuwa akigeuza uso ukutani wakati wa kula. Nilidhani hana hamu ya chakula.

Joan Tronto, mwanazuoni wa Marekani aliyeandika sana juu ya maadili ya kutunza, anasema kazi hiyo haijakamilika mpaka uone imepokewaje. Sisi tumekuwa tukihesabu vijiko vilivyotolewa.

Neno linalonisumbua zaidi ni ustahimilivu. Tunawasifu watu kwa kustahimili, nami sibezi nguvu hiyo, nimeiona. Lakini kustahimili ni kubeba, na anayesifiwa kwa kubeba huongezewa mzigo. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu hutumia saa bilioni 16.4 kila siku kwa kazi za kutunza wenzao bila malipo, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Mlezi aliyeumia mgongo haponi kwa kuambiwa ana moyo. Anataka mtu wa kumpokea zamu alale usiku mmoja. Mwaka huu, kwa hiyo, fungu la semina za ustahimilivu tumelihamishia kwenye zamu za mapumziko, na naomba mliunge mkono tena.

Tumelalamika sana kuhusu wafadhili, na kwa haki. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa dunia wa misaada ya kibinadamu huko Istanbul, Uturuki, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu ziwafikie watoa huduma wa nchi husika kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Muda ulifika, ahadi haikutimia. Lakini vikundi vilivyo chini yetu vimetuuliza swali lilelile: mbona bajeti zao zinatufikia sisi kwanza, kisha zinarudi zimekatwa bila maelezo? Sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Kuanzia sasa kila makato yataandikiwa sababu na kujadiliwa nao kabla ya kupitishwa.

Hatukukubaliana kwa yote. Mwanachama mmoja alituuliza afanye nini na mama yake aliyepoteza kumbukumbu, anayetaka kutoka nje usiku wa manane. Akimfungia mlango amemnyima uhuru. Akimwachia anaweza kupotea. Tulijadili kwa saa mbili. Alichoamua mwenyewe ni kutembea naye mpaka getini kila usiku, na mara nyingi mama hugeuka na kurudi kulala. Linamgharimu usingizi wake, na hapo ndipo zamu zetu zinapohitajika.

Lililobaki ni lenu. Kamati inapendekeza katiba irekebishwe ili wanaohudumiwa na chama wapate viti vitatu kwenye kamati tendaji, vyenye kura kamili, na wachaguane wenyewe. Asiyekuwapo na lake halipo, nasi tumeamua mengi wao wakiwa nje. Kura itapigwa baada ya mapumziko. Wasioweza kufika mezani, sanduku litawafuata walipokaa. Na wanaohitaji kusomewa karatasi, wamchague wao mtu wa kuwasomea.