Walimu wa ganuni na fidla nao wapewe cheti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo moja kuhusu walimu wa muziki wa hapa Zanzibar, hasa wale wa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho wengi wetu tunakiita DCMA, kwa herufi za jina lake la Kiingereza, na ambacho kilianza kufundisha mwaka 2002 katika jumba kongwe la forodha linaloitazama bahari, Mji Mkongwe. Kila chuo hiki kinapoandikwa gazetini, sifa huwa ni zilezile: wanafunzi wake wamepanda jukwaa la tamasha la Sauti za Busara, kikundi fulani kimealikwa Ulaya, mgeni rasmi amepigiwa bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab, akafurahi. Sizikanushi sifa hizo, na mimi mwenyewe nimeshapiga makofi mara nyingi pale Ngome Kongwe. Lakini aliyewafundisha hao waliopanda jukwaani hatajwi, na akitajwa huingizwa katika neno "walimu" kwa jumla, kama mtu anavyotaja viti vya ukumbini.

Kwa wasomaji walio mbali na mambo haya, nieleze hali ilivyokuwa. Kabla ya chuo, kijana aliyetaka kujifunza fidla au ganuni alikuwa na njia moja ya uhakika, nayo ni klabu ya taarab. Ikhwani Safaa ipo tangu mwaka 1905 na Culture Musical Club tangu mwaka 1958, na humo ndimo walimotoka mafundi wetu karibu wote. Anayeanza alikaa nyuma akasikiliza, akatumwa chai, akaruhusiwa kugusa ala mazoezi yanapokwisha, na siku mpigaji mmoja alipokuwa na homa ndipo alipopata nafasi ya kukaa mbele. Wenye moyo walifika. Hata hivyo klabu hutafuta mpigaji na si mwanafunzi, ala ni mali ya klabu na hazitoki, na kwa wasichana mlango ulikuwa mwembamba zaidi, maana katika klabu hizi kubwa mwanamke alisimama kuimba huku ala zikibaki mapajani mwa wanaume. Chuo kilipoanza, kiliwachukua watu wa klabu hizohizo kikawafanya maalim, na hapo wakakabiliwa na kazi ambayo hawakuwahi kufanyiwa wao: kumweleza mtoto kwa maneno jambo ambalo wao walilipata kwa kusikiliza miaka kumi.

Nimeiona kazi hiyo kwa macho yangu. Mjukuu wangu alianza ganuni akiwa na miaka 11, na kwa kuwa nimestaafu mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka na kumngojea, mara nyingine mlangoni, mara nyingine ndani kabisa, pembeni. Ganuni, kwa asiyeijua, ina nyuzi zaidi ya 70, zimewambwa tatu tatu kwa kila sauti, na ubao mwembamba wa upande wa kulia unaozibeba umesimama juu ya ngozi ya samaki. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada na katika pete hizo huchomeka vipande vya kudonolea. Siku moja maalim alizifunika nyuzi zote kwa kiganja, akamtaka mtoto aimbe kwanza sauti ya tatu ya Rasti, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki huu, kabla ya kuigusa. Mtoto akaimba. Maalim akatikisa kichwa, akamwambia: "Hiyo ya kinanda, mwanangu. Ishushe kidogo, lakini usiilaze." Akaimba tena, ikawa chini mno. Wakaenda hivyo karibu nusu saa, wala maalim hakukunja uso. Sauti yenyewe ipo katikati ya vibonye viwili vya kinanda, yaani haina kibonye, na ndiyo inayoifanya taarab asilia isikike kama taarab. Mtoto alipoipata ndipo maalim alipoondoa kiganja, akainua vijipini vidogo vya chuma vilivyopangwa ubavuni mwa ganuni hadi uzi ukalia sawasawa na sauti iliyotoka kooni mwa mtoto. Hapakuwa na kitabu mle chumbani.

Kwa hesabu yangu hayo ndiyo mafanikio ya kwanza ya chuo, na majukwaa yanafuata. Rajab Suleiman, ambaye ganuni yake huenda inajulikana zaidi ng'ambo kuliko Michenzani, ni mpigaji wa Culture na mwanzilishi wa kikundi cha Kithara, na amefundisha pale. Mohamed Issa Matona, wa fidla na udi, amewapitisha mikononi mwake vijana wengi ambao leo wanaitwa wasanii. Siti Amina, anayeimba akipiga udi, alisoma pale kabla ya yeye na wenzake kuunda Siti and the Band, na mtu akitaka kujua ule mlango mwembamba wa wasichana umepanuka kiasi gani, amtazame yeye. Wapo na wengine ambao sitawataja kwa sababu hawakuomba kutajwa: walioingia kama wanafunzi, wakahitimu, na leo wanafundisha. Shule ya sanaa inayozaa walimu wake yenyewe imefika mahali ambapo skuli zetu nyingi za kawaida hazijafika.

Mwaka 2019 zilienea habari, hadi katika vyombo vya nje, kwamba chuo kingeweza kufungwa kwa kuwa misaada ya wahisani ilikuwa imepungua, na ada za wanafunzi, wengi wao watoto wa wanyonge, haziwezi kuendesha chuo. Katika kipindi hicho walimu waliendelea kufundisha pasipo uhakika wa mshahara. Tuliwasifu kwa moyo wao wa kujitolea. Mimi neno hilo silipendi sana, kwa sababu nimeliona likitumika pale mtu anapotakiwa afanye kazi bila kulipwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Maalim mmoja wa fidla, jirani yangu, nisimtaje, alisikia kwamba skuli moja, nayo nisiitaje, inatafuta mwalimu wa muziki. Akavaa kanzu yake safi, akachukua fidla, akaenda. Hakuombwa afungue hata sanduku la fidla. Aliulizwa cheti cha kidato cha nne, kisha stashahada, na alipojibu kwamba amepiga na kufundisha kwa miaka 30 aliambiwa kwa adabu kabisa kwamba mfumo hauna pa kuliandika jibu hilo. Akaajiriwa kijana mwenye vyeti, na simlaumu, ni kijana mwenye heshima. Baada ya wiki chache kijana huyo alikuja mtaani kwetu akiuliza nyumba ya maalim, kwa sababu skuli ilikuwa na sherehe na yeye hakujua bashraf hata moja. Maalim akamfundisha, jioni nne, barazani, bure. Mimi nilikuwa nikinywa kahawa hapohapo na nikashindwa kujua nicheke au ninune.

Marehemu Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, aliyetunukiwa tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 na ambaye hakupata kukaa katika darasa lolote la muziki, angeambiwaje pale?

Dawa ya jambo hili ipo na inatumika, ila haijamfikia mpiga fidla. Kule Bara, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo fundi magari, seremala, mwashi au mpishi aliyejifunza kazi gereji, mtaani au jikoni hupimwa akiwa kazini, akafundishwa yale machache yanayompungukia, kisha akapewa cheti kinachotambulika. Hakuna anayemwambia mwashi wa miaka 20 arudi darasa la kwanza akajifunze kukanda saruji. Nauliza kwa nini Wizara yetu ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, chuo chenyewe na klabu zetu kongwe, isiweke utaratibu wa namna hiyo kwa walimu wa muziki wa asili. Wapimaji tunao. Watu watatu, mmoja wa Ikhwani Safaa, mmoja wa Culture na mmoja wa chuo, wakikaa chumba kimoja na maalim na mtoto asiyejua kitu, watajua ndani ya asubuhi moja kama huyu anaweza kufundisha au anaweza kupiga tu, maana hayo ni mambo mawili na yanachanganywa sana. Wamtazame anavyoitia ala sauti, anavyolitambua maqamu likipigwa, anavyomrekebisha mtoto aliyekosea. Kusoma nota kuwe somo la nyongeza kwa anayelitaka, lakini lisiwe kizingiti cha mlangoni, vinginevyo tutakuwa tumerudi palepale.

Najua litakalosemwa, kwamba cheti kitaigeuza sanaa kuwa karatasi. Labda. Ila wanaosema hivyo, niliowasikia mimi, wote wana vyeti na pensheni. Na ikiwa jambo hili litafanyika, wasisahauliwe walimu wa kidumbak, ile taarab ya ngoma ndogo, wapiga sanduku (besi ya uzi), mkwasa (vijiti) na cherewa (manyanga), ambao hata miongoni mwa wanamuziki wenzao huwekwa nyuma, ingawa harusi za shamba na za mjini zimewategemea wao kabla ya vinanda vya umeme na zinawategemea hadi leo umeme unapokatika.

Kwenu ninyi wahariri nina ombi dogo lisilohitaji wizara wala bajeti. Miaka michache iliyopita gazeti moja lilitoa picha ya onyesho la wanafunzi, na mjukuu wangu yumo, ameinamia ganuni, pete zinaonekana vidoleni. Nimeikata na kuibandika ukutani. Chini yake limeandikwa jina la mgeni rasmi, jina la mdhamini na jina la ukumbi. Pembezoni mwa picha, upande wa kushoto, umeonekana mkono wa kanzu uliokatwa kwenye kiwiko, na vidole vyake vinampa mtoto ishara ya kuingia. Safari nyingine mpigapicha arudi nyuma hatua mbili, na aulize jina la mwenye mkono.

Mzazi na mwalimu mstaafu,
Kikwajuni, Unguja