Barua ya wazi kwa mnaoketi kusikiliza tuhuma za uchawi

Wanangu wazee wa kanisa, walimu wa mabweni na wenyeviti wa vitongoji,

Marahaba kwa shikamoo zenu. Najua binti akianguka bwenini usiku, akapiga mayowe na kutaja jina la bibi fulani, asubuhi yake mlangoni kwenu pamejaa watu. Wanataka kikao, na wanakitaka leo. Kabla hamjaketi, naomba tuangalie pamoja kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, huko Marekani, za mwaka 1692.

Msizichukulie kama kisa cha wajinga. Wapuritani wale, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walithamini kusoma, baadhi ya wachungaji na mahakimu wao walipitia chuo cha Harvard, na maswali mengi ya baraza yaliandikwa. Hata hivyo, kati ya Juni 10 na Septemba 22 walinyonga watu 19. Mzee Giles Corey alikataa kujibu mashitaka, wakamlundikia mawe kifuani mpaka akakata roho. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani. Kuamini uchawi peke yake hakukutosha kuleta hayo. Karibu dunia yote ya wakati ule iliuamini. Kilichoua ni baraza ambalo halikuacha jibu hata moja ambalo mtu asiye na hatia angelitoa akarudi nyumbani kwake.

Yalianza Januari, nyumbani kwa mchungaji Samuel Parris. Binti yake Betty, miaka 9, na Abigail Williams, miaka 11, walianza kujinyonganyonga na kupiga kelele. Daktari hakuona ugonjwa anaoujua, akasema ni mkono wa uovu. Mwezi uliofuata jirani mmoja, Mary Sibley, akaagiza mkate wa unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, uliokandwa kwa mkojo wa watoto, akapewa mbwa aule. Sisi hapa tungesema wamepiga ramli. Kumbe watoto walikuwa wanaulizwa kila siku: nani anawatesa? Mtoto akiulizwa hivyo na watu wazima wanaolia, jina litapatikana tu. Yakapatikana matatu: Sarah Good aliyekuwa ombaomba, Sarah Osborne aliyekuwa mgonjwa na mwenye mgogoro wa mirathi, na Tituba, mtumwa wa nyumba ileile ya mchungaji. Tazameni ni watu gani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na wa kumsemea.

Basi la kwanza ninalowaomba: msiulize "nani". Ulizeni amekula nini, amelala saa ngapi, ana homa, amewahi kuanguka kabla, kuna mtihani au kifo kilichomtisha. Apelekwe zahanati, aangaliwe malaria na kifafa. Kisha aondolewe kimya kimya machoni pa watu. Betty Parris alipelekwa kukaa kwa Stephen Sewall, mjini Salem, mbali na mikutano ya kijijini. Huko alitulia, na hakushiriki kesi zilizofuata. Dawa ilikuwa rahisi namna hiyo, na hakuna aliyeitumia kwa wenzake. Wao waliwekwa mbele ya umati, wakazidi.

Ila msifunge shule na kuwatawanya wote siku moja mkadhani mmemaliza. Katika shule ya wasichana ya Kashasha, huko Kagera, kicheko kisichozuilika kilianza kwa wasichana wachache Januari 30, 1962, kikawakumba 95 kati ya wanafunzi 159. Shule ikafungwa Machi 18, watoto wakarudi makwao, na baada ya muda mfupi kicheko kikazuka Nshamba, kijiji cha baadhi yao. Uchunguzi haukupata sumu wala kijidudu. Ondoeni wale wawili watatu wa mwanzo, wengine waendelee na ratiba yao ya kawaida, na maombi ya usiku kucha kuzunguka kitanda cha aliyeanguka yasimame. Najua hili la mwisho litawaudhi wengi.

Sasa kikao chenyewe. Machi 1, hakimu John Hathorne alimuuliza Sarah Good ana urafiki na pepo gani. Akajibu hana. Je, hajafunga mkataba na shetani? Hapana. Basi mbona unawaumiza watoto hawa? Lisomeni tena swali hilo la tatu. Hukumu imeshatoka, kilichobaki ni mama wa watu kuikubali. Mkiwa na mwandishi wa kikao, mwambieni aandike maswali yenu kama anavyoandika majibu. Mkiyasoma jioni mtajishangaa.

Halafu kulikuwa na ushahidi wa kivuli: binti anasema ameona umbo la fulani likimng'ata, ingawa fulani mwenyewe alikuwa kitandani kwake. Ushahidi huo huwezi kuupinga kwa lolote. Ukileta watu kumi wa kusema ulikuwa nyumbani, wataambiwa ni kweli, mwili ulikuwa nyumbani. Kulikuwa pia na jaribio la kugusa. Mshitakiwa analetwa, binti anaanguka, mkono wa mshitakiwa unawekwa juu yake, binti anatulia. Basi huyo ndiye. Wapo wanaosema mabinti walikula nafaka yenye kuvu ya sumu. Sikubaliani nao. Sumu ya kuvu haingoji mtu aingie mlangoni ndipo ianze kazi.

Katika kesi ya huyo huyo Sarah Good, binti mmoja alilia kwamba amechomwa kisu na kivuli, akatoa kipande cha kisu kilichovunjika. Kijana mmoja akasimama na kisu chake chenye mpini na sehemu ya bapa iliyobaki. Vipande vikalingana. Alikivunja jana yake na kutupa ncha mbele ya binti huyo. Mahakama ikamwonya binti asiseme uongo, kisha ikaendelea kupokea ushahidi wake. Hapo ndipo pa kufunga daftari na kuwaambia watu waende nyumbani.

Rebecca Nurse alikuwa mama wa miaka 71, mshirika wa kanisa. Baraza la wananchi walioitwa kuamua kesi likasema hana hatia. Mabinti wakapiga mayowe, na hakimu mkuu William Stoughton akawakumbusha wajumbe neno alilolisema mama huyo mfungwa mwingine alipoletwa kutoa ushahidi: huyu ni mwenzetu. Mwenzetu gani? Mfungwa mwenzetu, au mchawi mwenzetu? Wakamuuliza, akanyamaza. Alikuwa hasikii vizuri, na kwa majonzi hakujua ameulizwa. Wakarudi na neno "ana hatia", naye akanyongwa Julai 19. Mkiwa na mzee mbele yenu, ulizeni kwa sauti, kwa lugha yake ya nyumbani, mara mbili, na awe na mtoto wake au ndugu ubavuni.

Na kukiri msikuamini. Pale Salem aliyekiri aliachwa hai ili ataje wenzake, aliyekana alipelekwa kwenye kamba. Zaidi ya 50 walikiri. Samuel Wardwell alikiri, akaufuta ungamo wake, akanyongwa. Kwa mpango huo orodha haiwezi kuisha, kwa sababu kila anayeokoka anaongeza majina.

Ilikatikaje? Gavana William Phips alivunja mahakama ile Oktoba, na mahakama mpya ya Januari 1693 ikakataa ushahidi wa kivuli. Mashetani hawakuondoka wala mabinti hawakubadilika. Kanuni ya ushahidi ilibadilika, na karibu washitakiwa wote waliobaki wakaachiwa. Hata hivyo walioachiwa walitakiwa kulipia chakula chao cha gerezani kwanza, na Tituba alikaa ndani mpaka mtu mwingine alipomlipia.

Kusafisha jina ndiko kulikochelewa. Jaji Samuel Sewall alisimama kanisani mwaka 1697 huku toba yake ikisomwa. Ann Putnam, mmoja wa mabinti wale, aliomba radhi mwaka 1706. Fidia ikaja 1711. Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa 1693 akiwa na miaka 22 na kuponea chupuchupu, alisahauliwa kila mara majina yaliposafishwa. Lake lilisafishwa mwaka 2022, na waliolifuatilia mpaka bungeni ni wanafunzi wa darasa la nane wa mji wa North Andover, hukohuko Massachusetts, pamoja na mwalimu wao.

Ni mimi, mzee wenu.