Serikali mpya ianzie kwenye muhuri wa mtaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu niseme jambo ambalo hapa Uyole tunalibishania kila siku, kwamba hii serikali iliyoapishwa baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 inaweza kweli kututoa kwenye huu uchama uliotuganda au ndo basi tena. Wapo wanaosema haiwezekani, watu wamekufa kwenye vurugu za uchaguzi, Tundu Lissu aliwekwa ndani tangu Aprili 2025 kwa kesi ya uhaini, chama chake cha Chadema hakikuwepo hata kwenye karatasi ya kura, sasa maridhiano ya nani na nani? Nawaelewa na mimi linaniuma sana. Lakini mi nasema inawezekana, ila sio kwa kuanzia juu.

Huku mtaani watu hawagombani kwa itikadi jamani, tatizo ni kwamba chama tawala, CCM, kimekaa mlangoni pa kila kitu ambacho mwananchi anakihitaji. Kuna mama nafanya naye biashara ya viazi, kikundi chao walitaka kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hamna mahali wanauliza kadi ya chama. Walipofuata barua ya utambulisho wakaanza kuzungushwa, mara njooni kesho, mara mwenye muhuri kasafiri, mpaka mtu akawaambia kabisa, mwenyekiti wenu si ndo yule aliyekuwa anavaa kombati za Chadema kwenye mikutano? Wakabadilisha mwenyekiti. Barua ikatoka siku hiyohiyo. Sasa mama kama yule umwambie nini kuhusu umoja wa kitaifa akakuelewa?

Na hii ipo kila kona. Tangu tuingie vyama vingi 1992 balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, sio wa serikali, lakini mpaka leo ukiwa na shida unaulizwa umeshapita kwa balozi? Uwanja wa Sokoine hapa mjini na Samora kule Iringa ni mali ya chama mpaka kesho, wakati mashabiki wanaolipa kiingilio ni wa vyama vyote na wengine hawana chama kabisa.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma wamelipitia hili. Enzi za PF, chama kilichokuwa kinatawala, makada ndo walikuwa wameshika stendi na masoko ya Zambia, wanachukua hela kwa madereva na wauzaji, na huna pa kwenda kulalamika. Hichilema, aliyekuwa mpinzani, mwenyewe alishakaa mahabusu miezi minne mwaka 2017 kwa kesi ya uhaini, aliposhinda Agosti 2021 moja ya mambo ya mwanzo kabisa ni kusema makada watoke stendi, watoke sokoni. Hicho ni kitu ambacho muuza nyanya anakiona kwa macho yake. Huko juu chuki haijaisha, maana Lungu, yule rais wa PF aliyeshindwa 2021, alipofariki Afrika Kusini Juni 2025 familia na serikali waligombea mazishi mpaka mahakamani Pretoria, ndugu hawataki hata rais ausogelee mwili. Kwa sisi tuliolelewa kwamba kwenye msiba hata adui yako anakuja kushika jembe la kuchimba kaburi, hilo linatisha. Ndo maana nasema mioyo ya wakubwa itachukua muda mrefu, stendi na soko unaweza kuvisafisha mwaka huuhuu.

Zanzibar nao mnajua, 2010 walipiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja, ikaingia kwenye katiba, na bado 2015 uchaguzi ukafutwa. Huku bara Rais Samia alikuja na 4R, yaani maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya, Januari 2023 akafungua mikutano ya hadhara iliyokuwa imezuiwa tangu 2016 na tukafurahi kwelikweli, ila kitu kikifunguliwa kwa kauli ya mtu mmoja kinafungwa vilevile, na tumeona.

Kwahiyo mimi naomba vitu vya kushikika. Majina ya vikundi vyote vilivyoomba mkopo yabandikwe kwenye ubao wa kata, waliopata na walionyimwa na sababu yake. Muhuri wa mtaa ubaki ofisini, usitembee kwenye begi la mtu. Viwanja vya enzi za chama kimoja virudi halmashauri. Na ile tume ya Jaji Mkuu mstaafu Chande iliyoundwa kuchunguza yaliyotokea Oktoba, ripoti yake itolewe yote, kwa Kiswahili, tuisome wenyewe na majina ya waliokufa yawemo. Madiwani wetu wa jiji hawahitaji kusubiri Dodoma, hilo la ubao na la muhuri wanaweza kuliamua kwenye kikao kinachofuata na sisi wapiga kura tutakuwepo kuwauliza.

Mfanyabiashara wa viazi,
Uyole, Mbeya