Fungua waya wote kabla hujawasha kompresa

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mtoto kifua kimepona, na Hamisi anakusalimu. Nisamehe kwa kimya cha miezi miwili. Kilichonifanya niandike ni ile picha ya karakana uliyonitumia jana. Meza nimeipenda sana, lakini chini yake nimeona ekstensheni ya gurudumu, waya umezungushwa wote, na ndiyo inayolisha kompresa. Usingizi ulikuja kwa shida.

Yangu iliungua mwezi uliopita. Nilikuwa nakata vyuma kwa grenda ya wati 2,000, yapata nusu saa, nikasikia harufu ya plastiki. Mizunguko ya juu nikaigusa, ina uvuguvugu tu. Nilipovuta waya, ule wa ndani kabisa ulikuwa umegandana kama nta, mahali pamoja shaba inachungulia. Waya ulionyooka joto lake hupotea hewani; uliozungushwa hulifungia katikati. Soma kibandiko cha gurudumu lako, Salim. Mara nyingi huwa na namba mbili: wati za waya uliozungushwa na za uliofunguliwa wote. Changu kiliandikwa 1,000 na 3,000, na miaka minne sikuwahi kukitazama.

Taa, redio na chaja ya simu hazinipi hofu. Kompresa ndiyo, maana mota inapoanza tu huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Isipofika unapofanyia kazi, refusha mpira wa hewa, waya wa umeme uuache. Na ekstensheni juu ya ekstensheni usithubutu. Ya shemeji unayakumbuka, sina haja ya…

Basi niambie: plagi ya kompresa bado ina pini ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, au yule fundi aliikata? Kwenye boksi la umeme kuna ile breka ya umeme unaovuja, ya miliampea 30? Ukibonyeza kitufe chake cha kujaribia, inakata? Sakafu bado inaingia maji mvua ikinyesha? Na waya wa gurudumu umeandikwa 1.5, yaani unene wa shaba kwa milimita za mraba, au ni mwembamba zaidi? Mimi nina mita 10 za 2.5 zimebaki, nikuletee Jumamosi? Leo, kabla hujawasha chochote, nitumie picha ya kibandiko.

Wako,
Idi