Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafugaji Nyuki

Ndugu wanachama,

Mizinga ilijaa msimu huu, lakini mfuko wa chama haukujaa, na sababu zake nitazisema bila kuficha.

Bado tunauza kwa ndoo. Lita moja ya asali nzuri ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 28. Mnunuzi anayehesabu ndoo kuwa kilo 20 anaondoka na kilo 8 za bure. Simlaumu mwanachama yeyote, maana nami niliuza hivyo miaka mingi, hadi siku nilipopandisha ndoo kwenye mizani.

Kuna lile pipa la asali lililorudishwa. Nilipolegeza mfuniko ulifyatuka, povu likapanda hadi ukingoni, harufu kama ya pombe changa. Asali ikizidi asilimia 20 ya maji huchacha, na hii ilirinwa mapema. Nyuki akishaikausha asali yake huziba tundu kwa nta. Sega ambalo halijazibwa walau robo tatu liacheni mzingani, na lenye majana, yaani watoto wa nyuki, msilikamue kabisa. Asali isiyokomaa ya mtu mmoja iliharibu jasho la wote waliochangia pipa hilo. Jambo hili liliniuma sana.

Sasa nta. Inakadiriwa kuwa nyuki hutumia kilo 6 hadi 8 za asali ili kutoa kilo moja ya nta, nasi tukishakamua tunamwaga makapi nyuma ya banda, nondo wakayamaliza. Mwezi uliopita niliomba makapi ya mwanachama mmoja. Niliyaosha kwa maji baridi, nikayafunga kwenye gunia safi, nikalizamisha kwa jiwe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, hivyo maji hayana haja ya kutokota. Ikaanza kupanda taratibu, ya manjano, ikatanda juu. Kesho yake niliinua kipande kigumu kama mkate, nikakwangua uchafu wa chini, na banda zima likanukia. Sufuria iwe ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida na shaba huharibu rangi, na bei hushuka.

Nta haichachi wala haiozi. Bei ya asali ikiwa mbaya, nta inangoja. Wanaoihitaji ni watengeneza mishumaa, vipodozi na polishi, pamoja na wafugaji wenzetu wanaotaka karatasi za nta za kuanzishia masega.

Chavua na gundi ya nyuki tusizikimbilie kwanza. Soko lake linadai usafi na vipimo ambavyo hatujawa navyo. Kuhusu uchavushaji, wakulima wa lozi kule California hukodi mizinga kila mwaka inapofika Februari ili nyuki wachavushe maua yao. Sisi hatujafika huko, ila tuwaombe majirani wasipulize dawa mchana maua yakiwa wazi. Hilo halina gharama.

Kamati inaomba idhini ya kununua mizani moja na kipimo kimoja cha kiasi cha maji kwenye asali, vyote vya chama. Pia tunapendekeza makapi yote yaletwe bandani, na kila mwenye makapi alipwe kwa uzito wa nta itakayopatikana. Tukishapiga kura, mhazini atasoma hesabu.