Barua ya wazi kwa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania: msikubali hongera ya kushiriki

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Nimeibeba tangu Julai 2025, Ghana walipowafunga 4-1 kule Berkane, Morocco, mkatoka WAFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, katika hatua ya makundi. Kufungwa kupo kwenye mpira. Mimi kilichonikera ni asubuhi iliyofuata. Nilifungua redio nikitaka kuwasikia wachambuzi wakieleza tulipokosea. Mtangazaji akasema, "Dada zetu wamejitahidi, hongereni sana, mmetuwakilisha vyema," kisha muda wote uliobaki ukaenda kwenye usajili wa Simba na Yanga. Nani kaonekana uwanja wa ndege, nani kagoma kusaini.

Taifa Stars, timu ya taifa ya wanaume, wakifungwa bao moja, nchi hii hailali. Beki wa kushoto atasemwa mpaka kwenye daladala, kocha ataulizwa kwa nini alimtoa fulani akamwacha fulani. Ninyi mmekula manne na hakuna aliyeuliza lolote. Naomba mnielewe, wanangu: yale hayakuwa mapenzi. Anayekupenda anakuuliza. Mtu ambaye hakutegemea kitu kutoka kwako ndiye anayeona inatosha kukupongeza kwa sababu umefika.

Na maswali yalikuwepo tele. Mliingia mechi ile mkiwa na pointi moja, Ghana nao moja, mlango wa robo fainali ukiwa bado wazi kwa wote wawili. Walitangulia kufunga, Diana Msewa akasawazisha kipindi cha kwanza. Mkaenda mapumziko mkiwa sawa. Mkarudi mkafungwa matatu. Nini kilitokea katikati? Pumzi ziliisha? Viungo walichoka kurudi kukaba? Mechi za kirafiki za maana kabla ya safari zilikuwa ngapi, na nani alizipanga? Hayo ndiyo ya kuulizwa, na mnastahili kuulizwa.

Mimi nina jibu langu moja, na nitalisema hata kama halitawapendeza. Siku tatu kabla ya hapo, Oujda, mlikuwa mmetoka 1-1 na Afrika Kusini, mabingwa watetezi. Opa Clement alitangulia kufunga kwa penalti, Bambanani Mbane akaja kusawazisha kipindi cha pili. Ilikuwa pointi ya kwanza kabisa ya Tanzania katika mashindano hayo, kwa sababu dada zenu wa mwaka 2010 walipoteza mechi zote tatu, kwa Afrika Kusini, Mali na Nigeria. Furaha ilikuwa halali yenu. Lakini huku nyumbani pointi ile tuliishangilia kama kombe. Kila simu iliyolia ilikuwa na pongezi ndani yake, na nina hakika zilikuwa zinawafikia hadi kambini. Mechi iliyobaki ikawa kama ya kukamilisha ratiba, ilhali ndiyo iliyokuwa inaamua kila kitu.

Nimefundisha michezo sekondari maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo jambo hili nalijua kwa sura. Kuna mwaka wasichana wangu waliitoa timu ngumu kwenye nusu fainali ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, timu ambayo hakuna aliyedhani wangeigusa. Mkuu wa shule alifurahi hata akaamuru mbuzi achinjwe jioni ile ile. Nilimwomba tusubiri kesho. Akaniambia, "Mwalimu, waache watoto wafurahi, wameshafika mbali." Wakala, wakaimba, wakalala usiku wa manane, na kipa wangu alilala na jezi yake. Kesho yake fainali ilichezwa saa nne asubuhi na tulifungwa mabao mawili ndani ya muda mfupi sana, na timu ambayo siku yoyote nyingine tungeifunga. Baada ya mechi kipa alinifuata, glovu mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, kwani si walisema tumeshashinda?"

Swali lile halijanitoka. Mtoto yule hakuwa mvivu. Aliwaamini watu wazima waliomwambia kwamba nusu inamtosha. Mvulana akifika nusu fainali anaambiwa arudi na kikombe, msichana anachinjiwa mbuzi. Tunawafundisha binti zetu kushiba mapema, kisha wakipungukiwa tunasema wanawake hawana roho ya ushindani.

Roho hiyo mnayo na ushahidi upo. Mwaka 2022, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, Serengeti Girls walipigwa 4-0 na Japani mechi ya kwanza. Wengi tulizima televisheni zetu tukijua yameisha. Mechi iliyofuata wakawafunga Ufaransa 2-1. Wakatoka 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, na Colombia ndio waliowatoa. Watoto wale! Na kocha alikuwa huyu huyu Bakari Shime aliyekuwa nanyi Morocco. Sasa kama watoto wanaweza kula manne wakaamka wakamfunga Mfaransa, ninyi dada zao, mkishasawazisha na Ghana, mnashindwaje kwenda kutafuta la pili?

Sisi jamii nasi tuna letu la kujibu. Ni nchi hii hii ambayo mwaka 2021 vifua vyenu vilizungumzwa jukwaani, mbele ya kamera, kwenye hafla ya kuwapongeza vijana wa kiume wa chini ya miaka 23, na watu wakacheka. Mpaka leo picha yenu ikiwekwa mtandaoni, maoni ya kwanza ni kuhusu nywele na sura, na kama mtaolewa. Pasi zenu hazijadiliwi. Wazazi wenzangu, mnaowaita mabinti wakaoshe vyombo kaka zao wakiwa bado uwanjani mpaka giza linaingia, mpira wa wanawake mnauua ninyi kabla shirikisho halijaugusa. Na wachambuzi, kama hamkuitazama mechi, semeni hamkuitazama. Msijifiche nyuma ya neno hongera.

Mengine nitayataja tu, maana mnayajua. Mkataba usisainiwe siku ulipoletwa, na kama umeandikwa kwa lugha usiyoijua, tafuta wakili kabla ya kutafuta kalamu. Goti likivimba, hospitali, si kuchuliwa. Anayesema atakupangia namba baada ya kuja kumwona chumbani kwake aripotiwe siku hiyo hiyo, na wenzako wasimame nawe. Shule msiiache. Hela ya kwanza jenga hata chumba kimoja. Msigombane kwa sababu ya Simba Queens na JKT Queens mkiwa kambi ya taifa.

Na ninyi mnaokaa benchi, Mungu awabariki, najua ugumu wake. Endeleeni kupasha.

Oktoba 2025 mliwatoa Ethiopia mkafuzu tena WAFCON. Safari hii wanaofika nusu fainali wanapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 kule Brazil. Nilipomwambia jirani yangu hivyo alicheka akasema, "Hao kufika tu kunatosha." Sikucheka naye.

Kwa hiyo Opa, mwanangu, nina ombi kwako kama nahodha. Mkipata pointi ya kwanza, kusanya simu za wenzako zote umpe meneja wa timu akae nazo mpaka mechi za makundi ziishe. Hata ya kwangu nikipiga, isipokelewe. Na mkirudi nyumbani na matokeo yoyote yale, mwandishi akikuwekea kipaza sauti akakwambia hongera kwa kushiriki, mwambie akuulize kuhusu mechi.

Nawapenda sana,

Mama yenu, mwalimu mstaafu wa michezo